Kabla Kifua Hakijalia: Kuipima Pumu kwa Pumzi, Kalamu na Daftari

Alhamisi ndiyo siku yetu ya kliniki ya kifua hapa Tabora mjini. Kila Alhamisi, kabla jua halijawa kali, nimeshaambiwa mara nne au tano: "Nesi, siku hizi sijambo, kifua hakilii." Anayesema hivyo mabega yanampanda na kushuka. Nampa kifaa apulize. Mshale unaishia 240, na kwenye daftari lake la miezi mitatu nyuma kuna 400. Hakunidanganya. Mwili huzoea kubanwa polepole kama mguu unavyozoea kiatu kidogo, na mwenye mguu ndiye wa mwisho kujua.

Mimi mwenyewe nina pumu tangu utoto. Nimezaliwa Urambo, na nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na mabani mawili, yaani vibanda vya kukaushia tumbaku kwa moto. Msimu wa kukausha, moto haukuzimwa usiku wala mchana, na mama alikuwa akinilaza karibu na mlango ili nipate hewa. Baadaye nikasomea uuguzi, nikaanza kuwapima wenzangu. Hata hivyo uuguzi haukunizuia kufanya upumbavu. Mwaka mmoja nilipata mafua ya kawaida, nikakohoa usiku tatu, nikajiambia ni vumbi la kiangazi. Kifaa cha kupimia pumzi kilikuwa kabatini, ndani ya boksi lake, na karatasi ya maelekezo haijafunguliwa. Usiku wa nne niliamka nimekaa kitako, nataka kumwambia mume wangu aite bodaboda, neno linatoka nusu. Nililazwa siku mbili. Ninayoandika hapa chini ni yale niliyopaswa kuwa nayafanya wiki ile.

Kwanza tuelewane kitu kimoja, maana bila hicho namba zote zitakuchanganya. Pumu ina mambo mawili kwa wakati mmoja. Kuna mbano, yaani misuli inayozunguka njia za hewa inakaza. Na kuna uvimbe, yaani ngozi ya ndani ya njia hizo imevimba, ina ute, imekasirika. Pampu ya bluu, ile ya salbutamoli, inalegeza mbano kwa saa chache. Uvimbe inauacha palepale. Uvimbe unatulizwa na pampu yenye steroidi, kama beklometasoni au budesonidi, inayotumiwa kila siku hata ukiwa mzima. Vipimo navyo vimegawanyika hivyohivyo: kimoja kinaona mbano, kingine kinaona uvimbe. Mgonjwa anaweza kuwa na mbano kidogo leo na uvimbe mkubwa unaosubiri mafua ya kesho. Ndiye huyo anayeniambia kifua hakilii.

Kupuliza vizuri

Kifaa cha nyumbani ni kile kibomba cha plastiki chenye mshale na namba ubavuni, tunakiita pikifloo mita. Kinapima kasi ya juu kabisa ya hewa inayotoka kifuani, kwa lita kwa dakika. Mwingereza Martin Wright ndiye aliyekibuni miaka ya 1950. Cha kwanza kilikuwa kizito, si cha kubeba kwenye pochi. Hiki chepesi tunachokijua kilikuja miaka ya 1970. Hakitumii umeme, betri wala bando.

Simama. Rudisha mshale sifuri. Vuta hewa mpaka kifua kijae kabisa, bana midomo kuzunguka mdomo wa kifaa pasivuje hewa pembeni, halafu toa kwa kishindo kimoja kifupi. Usipulize kama unachochea moto wa kuni mbichi, ule wa kuvuta muda. Hapa inatafutwa kasi ya mwanzo tu, hata sekunde moja haiishi. Vidole visiguse njia ya mshale. Rudia mara tatu, andika ile namba kubwa kuliko zote. Wengi hupenda kupiga wastani wa zile tatu, wakidhani ndiyo uaminifu. Hapana, andika kubwa. Kama mbili kubwa zimepishana zaidi ya 40, puliza tena, maana kuna pigo umelifanya vibaya.

Kuna namna ya kukidanganya kifaa na vijana wanaijua. Aliletwa kijana wa kidato cha pili, mwembamba, usiku uliopita hakulala, akapuliza mshale ukafika 620. Nikamwambia rudia, nikamtazama mashavu badala ya kifaa. Alikuwa anajaza hewa mashavuni na kuitema kwa ulimi, kama mtu anayerusha kokwa la zambarau. Hewa ya mashavuni haijapita kwenye mapafu. Nikamfundisha kuweka ulimi chini na kutoa hewa kifuani, tukapata 310. Mama yake alikasirika, akidhani mtoto alikuwa anafanya mzaha. Mtoto alikuwa anaogopa kukatazwa mpira.

Pima ukiamka, kabla ya pampu yoyote, na pima tena jioni. Tumia kifaa kilekile siku zote. Vifaa vya viwanda tofauti hupishana, na hata mizani yake haichorwi sawa, kwa hiyo usilinganishe namba yako na ya jirani aliyenunua chake Mwanza.

Wiki mbili za mwanzo ndizo za kutafuta namba yako bora, ukiwa unatumia dawa vizuri na unajisikia vizuri. Hiyo ndiyo unayolinganisha nayo, si ya mtu mwingine. Chukua mfano wangu mwenyewe: bora yangu ni 420. Asilimia 80 yake ni 336, na asilimia 50 ni 210. Nimechora mistari miwili kwenye jalada la ndani la daftari, kijani juu ya 336, njano katikati, nyekundu chini ya 210. Nikiamka na 350 naendelea na maisha. Nikiamka na 300 siku mbili mfululizo, hata kama sisikii chochote, nafuata karatasi niliyoandikiwa na daktari: naongeza dawa kama ilivyoandikwa, sijitungii. Kama huna karatasi hiyo, iombe kliniki ijayo. Ni haki yako, na daktari huiandika kwa dakika tano.

Chini ya nusu ni jambo jingine. Hapo hakuna kungojea kupambazuke. Pampu ya bluu kupitia chupa, mibonyezo 4 hadi 10, mmoja baada ya mwingine, rudia kila baada ya dakika 20 huku safari ya hospitali imeshaanza. Mtu asiyeweza kumaliza sentensi, au mwenye midomo ya samawati, usimpulizishe hata kifaa, mpeleke. Na kifua kilichokuwa kinalia kikanyamaza ghafla huku mtu anahangaika, hakijapona. Hewa imekuwa ndogo mno hata ya kutoa sauti. Nimeona ndugu wakishukuru Mungu kwa ukimya huo.

Chupa ninayoisema, ile unayovutia dawa ya pampu kupitia mdomo wake, ni ya maji ya nusu lita, imetobolewa kitako kwa waya wa moto kiasi cha kuingiza mdomo wa pampu bila kuvuja. Usiidharau. Heather Zar na wenzake kule Cape Town waliipima kwa watoto wenye shambulio la pumu, wakaichapisha kwenye jarida la Lancet mwaka 1999, na ikafanya kazi sawa na ile ya dukani iitwayo spesa.

Kupanda na kushuka

Namba moja moja haina maana kubwa. Kinachosema ni pengo kati ya asubuhi na jioni, kwa sababu njia za hewa za mwenye pumu hubana zaidi alfajiri. Fanya hivi. Asubuhi umepata 330, jioni 390. Pengo ni 60. Wastani wa hizo mbili ni 360. Gawa 60 kwa 360, ni kama asilimia 17. Fanya hesabu hiyo kila siku kwa siku 14, halafu tafuta wastani wa majibu yote. Kwa mtu mzima, ukizidi asilimia 10 njia za hewa hazijatulia. Kwa mtoto tunaanzia 13. Kikokotoo cha simu kinatosha. Wengine wanaoniletea madaftari hawakumaliza la saba, na hesabu zao ni safi kuliko za wauguzi wanafunzi.

Daftari lililonifundisha zaidi ni la mzee mmoja wa Kaliua. Alikuja amechoka na dawa. "Shikamoo mzee," nikamwambia. "Marahaba mwanangu. Hizi pampu zenu zinafanya kazi mwezi huu, mwezi ujao hazifanyi. Mnauziwa feki?" Nikamfungulia daftari la kurasa 40, nikamfundisha kupuliza, nikamwomba kitu kimoja cha nyongeza: kila siku aandike pembeni ameshinda wapi. Basi. Aliporudi baada ya wiki sita, namba zilikuwa zinajieleza zenyewe. Siku za bani, 280, 300, 270. Halafu kuna siku tisa mfululizo za 350, 370, 370. Pembeni ameandika "Nzega, msiba." Kisha karudi Kaliua, na siku ya tatu yuko 290.

Dawa haikuwa feki. Kwa kweli dawa ilikuwa inafanya kazi yake dhidi ya moshi wa kuni uliokuwa unamwagwa juu yake kila usiku, maana alikuwa analala karibu na tanuri achochee moto. Sikumwambia aache tumbaku. Ni rahisi kutoa ushauri huo ukiwa na mshahara. Tumbaku ndiyo iliyosomesha watoto wake wanne, na mimi pia imenisomesha. Tulikubaliana kazi ya kuchochea usiku aifanye mpwa wake, yeye abaki na kupanga majani na kuuza, na kitanda kihame. Mtu akishuku kazi yake, kipimo ndicho hicho: wiki kadhaa kazini, wiki kadhaa mbali, puliza hata mara nne kwa siku, andika. Mama anayekaanga maandazi, fundi seremala, anayesaga nafaka, wote inawafaa. Hakuna mashine ya mamilioni itakayokuonyesha hicho kwa uwazi kuliko daftari.

Kuhesabu makopo

Hiki si kipimo cha mwili, lakini nakiheshimu. Kopo la kawaida la pampu ya bluu lina mibonyezo 200. Liandike tarehe kwa kalamu ya wino mzito siku unapolifungua. Ukimaliza makopo matatu au zaidi kwa mwaka, uko kwenye hatari kubwa zaidi ya kushambuliwa vibaya. Wanaomaliza kumi na mawili, yaani moja kila mwezi, hatari yao ya kufa inapanda. Si kwamba pampu inaua. Inaficha mbano huku uvimbe ukiendelea chini yake. Ndiyo maana tangu mwaka 2019 mwongozo wa dunia wa pumu, GINA, haupendekezi tena mtu mzima au kijana kutibiwa kwa pampu ya bluu peke yake. Steroidi ya kuvuta lazima iwemo.

Usilipime kopo kwa kulielesha kwenye beseni la maji. Najua ulifundishwa hivyo. Gesi ya kusukumia inaweza kubaki wakati dawa imekwisha, nalo litaelea au kuzama bila kukuambia kitu, tena tundu litaziba. Hesabu.

Gesi ya kwenye pumzi

Sasa tunaingia kwenye vipimo vya uvimbe wenyewe, na hapa nitakwenda polepole kwa sababu watu wengi wakirudi kutoka Dar es Salaam na karatasi yenye neno FeNO hawajui wafanye nini nayo.

Njia za hewa zikivimba kwa ule uvimbe wa pumu wa kawaida, seli zake hutengeneza gesi iitwayo naitriki oksaidi kwa wingi kuliko kawaida, nayo hutoka na pumzi. Kuipima gesi hiyo kwenye pumzi ndiyo FeNO. Ni gesi ileile iliyomo kwenye moshi wa magari. Mwaka 1991 watafiti wa Sweden waliripoti kuikuta kwenye pumzi ya binadamu, na miaka miwili baadaye ikaonekana kwamba wenye pumu wanayo zaidi. Mwaka 1998 Wamarekani watatu wakapewa tuzo ya Nobel kwa kugundua kazi ya gesi hiyo kwenye mishipa ya damu, habari tofauti, lakini ni gesi hiyohiyo. Inahesabiwa kwa sehemu katika bilioni, yaani katika sehemu bilioni moja za hewa, ngapi ni za gesi hii.

Kupuliza kwake ni kinyume cha pikifloo. Unatoa hewa yote, unavuta kupitia mashine, halafu unapuliza pole pole, kwa kasi moja, sekunde 10. Mashine nyingi zina mpangilio wa sekunde 6 kwa watoto. Kuna picha kwenye kioo inayokuonyesha kama umezidisha au umepunguza. Hakuna sindano, hakuna maumivu, na mtoto wa darasa la kwanza mwenye subira anaweza.

Kwa mtu mzima, chini ya 25 ni ndogo, juu ya 50 ni kubwa, katikati hapo usikurupuke. Kwa mtoto, chini ya 20 ni ndogo na juu ya 35 ni kubwa.

Mimi nilipimwa mara moja, nilipokwenda Dar es Salaam kwa mambo ya familia. Nilishuka kwenye basi, nikapita kwa mama ntilie nikala wali, maharage na mchicha wa kutosha, nikaenda hospitali moja kwa moja. Ikasoma 46. Daktari, kijana mpole, hakuandika dawa. Akaniuliza, "Mama, umekula nini?" Nikacheka, nikadhani ananikaribisha chakula. Kumbe mboga za majani zenye naitreti nyingi hupandisha gesi hiyo kwa saa kadhaa. Akaniambia nirudi kesho yake asubuhi bila kula. Ikasoma 34. Pengo la 12 kutokana na sahani ya mchicha. Kwa namba zilizo chini ya 50, mabadiliko ya zaidi ya 10 ndiyo tunayoyahesabu kuwa mabadiliko ya kweli, kwa hiyo mchicha wangu peke yake ungetosha kunibadilishia dawa.

Kwa hiyo ukipelekwa, saa moja kabla usile, usinywe, usivute sigara, usikimbie. Mboga za majani ziache mpaka umalize. Fanya FeNO kwanza, pikifloo na spairometri (kile kipimo cha mapafu cha kupuliza kwa nguvu kwenye mashine) baadaye, kwa sababu kupuliza kwa nguvu kunaishusha kwa muda. Mwambie anayekupima kama una mafua, maana yanaipandisha. Mafua ya mzio, yale ya kupiga chafya kila ukifagia, nayo yanaipandisha. Mvutaji sigara atasoma ndogo hata kama kifua chake kinawaka moto ndani. Huyo karatasi yake isimfariji.

Halafu uitumieje? FeNO kubwa kwa mtu anayebanwa ina maana uvimbe upo na ni wa aina inayosikiliza steroidi. Lakini kabla daktari hajaongeza dozi, swali la kwanza ni kama ile iliyopo inafika kifuani. Mara nyingi haifiki. Pampu ya kahawia, ile ya steroidi, imekaa kabatini "kwa ajili ya siku mbaya", au mtu anaipuliza juu ya ulimi. Kuna madaktari humfanya mgonjwa atumie dawa mbele ya macho ya mtu kwa wiki moja, halafu wanapima tena. Namba ikiporomoka, jibu limepatikana na hakuna dawa mpya inayohitajika. Nimependa njia hiyo kwa sababu haimwiti mtu mwongo.

FeNO ndogo kwa mtu anayebanwa, naiona ya maana hata zaidi. Inatuambia tuache kumwongezea steroidi na tutafute kingine: moshi, unene, kiungulia kinachopanda usiku, moyo. Na hapa kwetu, kifua kikuu. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinapimwa makohozi ya TB, hata kwa mtu mwenye cheti cha pumu cha miaka ishirini. Nimemwona mama aliyeongezewa pampu mara tatu na kituo kimoja kabla mtu hajamwomba ateme kwenye kikopo.

Utafiti uliokusanywa kuhusu FeNO unaonyesha kwamba kurekebisha dawa kwa kuifuata hupunguza mashambulio, ila hakubadilishi sana dalili za kila siku. Haitoshi peke yake. Mtu wa Sikonge hapaswi kuuza mbuzi ili aifuate Dar, wakati daftari la pikifloo hajalianza.

Picha ya damu, makohozi, na minyoo yetu

Kuna kipimo cha uvimbe ambacho hospitali zetu tunacho tayari, nacho hukaa kwenye faili bila kusomwa. Ni picha ya damu, FBP. Ndiyo, kina sindano, lakini mara nyingi damu imeshatolewa kwa sababu nyingine, kwa hiyo kuisoma upya hakumchomi mtu. Tafuta mstari wa eosinofili, aina ya seli nyeupe zinazohusika na uvimbe huu. Kama karatasi imeandika 0.45, ni seli 450 kwa maikrolita. Kama imeandika asilimia tu, zidisha mwenyewe: seli nyeupe zote ni 7.5, yaani 7,500, eosinofili ni asilimia 6, basi ni 450. Kuanzia 300 daktari hufikiria uvimbe unaosikiliza steroidi. Kwa mtu ambaye tayari yuko kwenye dozi kubwa, hata 150 haipuuzwi. Angalia pia tarehe. Damu iliyotolewa baada ya mtu kupewa predinisoloni, ambayo ni steroidi, wodini itasoma karibu na sifuri, nayo haituambii kitu.

Vitabu vingi tunavyosomea vimeandikwa na watu wasio na minyoo. Hapo ndipo ninapogombana navyo. Eosinofili hupanda kwa minyoo na kwa kichocho, tena hupanda sana kuliko kwa pumu. Tulipokea mtoto wa wavuvi kutoka Kigoma, anaishi kwa shangazi yake hapa Tabora, eosinofili 1,900. Mwenzangu alikuwa tayari anasema pumu kali. Mtoto ameogelea Ziwa Tanganyika tangu anajua kutembea. Alipimwa choo, akatibiwa kichocho kwa prazikwanteli, na baada ya miezi mitatu alikuwa 380. Pumu alikuwa nayo, lakini ya kawaida, ya pampu mbili na chupa. Kwa hiyo hapa kwetu tibu minyoo kwanza, ngoja, pima tena, ndipo useme. Tena kuna sababu ya pili ya kuharakisha hilo. Kuna mnyoo mdogo uitwao strongiloidesi, unaweza kukaa miaka mingi tumboni bila kelele, na ukacharuka vibaya mtu akipewa vidonge vya predinisoloni.

Makohozi nayo hueleza. Ruth Green na wenzake wa Leicester, Uingereza, mwaka 2002, waliwafuatilia wagonjwa 74. Nusu walirekebishiwa dawa kwa kuhesabu eosinofili kwenye makohozi, wakilenga zisizidi asilimia 3, na nusu kwa njia ya kawaida ya dalili. Wale wa makohozi walishambuliwa mara chache zaidi. Ila kazi hiyo inataka mvuke wa chumvi kumtoa mtu makohozi, mtaalamu wa kuyasoma kwa hadubini, na muda. Usijaribu mvuke wa chumvi nyumbani, unabana kifua. Mkojo na mvuke wa pumzi uliogandishwa bado ni mambo ya watafiti, siwezi kukupotezea muda nayo.

Siku ya kliniki

Asubuhi ya kliniki usivute pampu ya bluu kabla ya kufika, kama hubanwi. Kama unabanwa, vuta, usiniletee ushujaa. Ukija hujavuta, tutafanya kitu kizuri: utapuliza, tukupe mibonyezo minne ya salbutamoli, ukae kwenye benchi dakika 15, upulize tena. Ukitoka 280 ukafika 350, umepanda asilimia 25. Kwa mtu mzima, kupanda kwa asilimia 20 na zaidi kunaunga mkono kwamba ni pumu kweli. Watu wengi wana jina la pumu ambalo halijawahi kupimwa hata siku moja.

Beba pampu zako zote, hata iliyokwisha, tuone unavyovuta. Beba makopo matupu. Na beba daftari, lisiwe safi. Ninataka kuona palipoandikwa kwa haraka, siku ulizosahau ziachwe wazi, usizijaze jioni ya Jumatano kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, tunazijua hizo. Nitakuuliza mambo manne ya wiki nne zilizopita: umebanwa mchana zaidi ya mara mbili kwa wiki, umeamshwa usiku, umetumia pampu ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, umeshindwa kazi yoyote. Majibu yako nayaweka upande mmoja na namba upande wa pili, na palipo na ugomvi kati yao ndipo tunapokaa muda mrefu.

Mzee wa Kaliua huleta lake kwenye mfuko wa unga, limekunjwa mara mbili, lina harufu ya moshi mpaka leo. Alhamisi iliyopita lilikuwa na 360, 370, 365, na pembeni kwa wino mwekundu ameandika: "Bani limewashwa leo. Yuko mpwa."